Maji ya Bomba: Twahara, Lakini Je, Ni Salama?

Mama mmoja aliyeleta mtoto anayeharisha aliniambia: “Daktari, maji ya bomba letu ni twahara, tunatawadhia.” Kweli. Hayajabadilika rangi, ladha wala harufu, udhu unaswihi. Lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho. Hatari zaidi ni maji yanaporudi baada ya mgao, kwani bomba tupu lenye ufa hufyonza uchafu wa mtaroni. Ya mwanzo yakingeni mdekie sakafu. Ya kunywa yachemsheni mpaka yatokote dakika moja, hata yakiwa meupe (mkaa ni ghali, najua), kisha myafunike, kufunika vyombo ni amri ya Mtume (s.a.w). Na kopo la kuchotea lisiwekwe chini.