Barabara ya Kijiji Hukatikia Penye Maji

Mkulima mwenye magunia ya mahindi haipimi barabara kwa urefu wake. Huipima kwa mahali pabaya kuliko pote. Barabara ya kilomita 12 yaweza kuwa nzuri kwa kilomita 11 na nusu, lakini ikiwa ina korongo moja lisilovukika mwezi wa Aprili, basi kwa mwezi huo kijiji hakina barabara. Lori huishia ng'ambo, mzigo hubebwa kwa kichwa au kwa pikipiki, na bei ya gunia hushuka kwa kadiri ya taabu ya mnunuzi kulifikia.

Kwa mama mjamzito hasara ni kubwa zaidi. Wataalamu wa afya ya uzazi hutaja ucheleweshaji wa aina tatu unaosababisha vifo: kuchelewa kuamua kwenda kutafuta huduma, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa baada ya kufika. Huo wa pili ndio unaohusu barabara, na mara nyingi hutokea mahali pale pale palipomkwamisha mwenye mahindi.

Yapo hata makubaliano ya kimataifa yanayogusa suala hili. Miongoni mwa viashiria vya Malengo ya Maendeleo Endelevu, yaliyopitishwa mwaka 2015, kimo kimoja kinachouliza ni sehemu gani ya wakazi wa vijijini wanaoishi ndani ya kilomita 2 kutoka barabara inayopitika mwaka mzima. Umbali huo ni mwendo wa dakika 20 hadi 25 kwa miguu. Kupitika mwaka mzima maana yake ni kwamba chombo cha kawaida cha vijijini, kama vile pikapu, kinaweza kupita, hata kama mvua kubwa itakizuia kwa muda mfupi. Lami si sharti. Jambo hili huwashangaza wengi, kwa kuwa katika mikutano ya vijiji maneno “barabara” na “lami” hutamkwa kana kwamba ni kitu kimoja.

Adui wa barabara ya udongo au changarawe ni maji yaliyokosa njia. Ndiyo sababu barabara iliyochongwa vizuri huwa na mgongo: katikati huinuka, na kila upande huteremka kwa kadiri ya sentimita 5 hadi 6 kwa kila mita 1. Maji ya mvua huteremka kwenye mtaro wa pembeni, na kila baada ya umbali fulani mtaro huo hutoa mkono unaoyapeleka mbali na barabara. Penye mteremko mkali, vizuizi vidogo vya mawe hupangwa ndani ya mtaro ili kupunguza kasi, kwani maji yakienda mbio huchimba, na mtaro wa leo huwa korongo la mwaka ujao. Mgongo ukilala, maji hutuama kwenye alama za magurudumu. Udongo hulowa hadi chini, na lori moja lenye shehena huweza kufanya uharibifu ambao pikipiki mia hazingeufanya.

Kwa sababu hiyo, greda peke yake haliokoi barabara. Likipita kila mwaka bila mitaro kuzibuliwa, hukwangua tabaka la juu na kuishusha barabara chini ya usawa wa mashamba, mpaka barabara yenyewe ikawa mtaro. Wakazi hufurahia kuliona greda, na furaha hiyo inaeleweka, lakini barabara iliyozama hivyo ni ghali sana kuirudisha. Penye udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, kuchonga tu ni sawa na kutofanya kitu. Hapo hutakiwa tuta lililoinuliwa na kifusi kizuri juu yake.

Yabaki makorongo na mito ya msimu. Kijito kidogo chatosha kalavati, ambalo hufaa kitu ikiwa tu mdomo wake haujazibwa na mchanga na matawi. Kwa mto unaojaa saa chache na kukauka, waweza kujengwa drifti, yaani sakafu ya zege au mawe ambayo maji hupita juu yake. Wengine huidharau drifti wakiiona kama daraja la maskini. Kwa kweli huweza kuifanya barabara ipitike mwaka mzima kwa gharama ndogo, mradi watu wakubali kungoja maji yapungue. Wanaojaribu kuvuka maji yakiwa na nguvu huhatarisha maisha yao. Penye mawe mengi yapo pia madaraja ya mawe yenye umbo la upinde, ambayo TARURA imeyajenga katika mikoa kadhaa, ukiwemo Kigoma, yakitumia kwa wingi mawe na mafundi wa mahali hapo.

Kuhusu matunzo, Kenya ilitoa funzo mapema. Mpango wake wa barabara za vijijini ulioanza mwaka 1974 ulitegemea zaidi nguvu za watu kuliko mitambo. Barabara ilipokamilika, mkazi wa karibu alipewa kwa malipo kipande chake cha kutunza, akizibua mitaro na kufukia mashimo yangali madogo. Kazi hiyo ni ya jembe na koleo. Faida yake ni kwamba hufanywa kabla ya masika, wakati greda bado liko wilaya nyingine.

Uchaguzi wa nini kitangulie hauepukiki. TARURA, ulioanza kazi Julai 2017, unasimamia zaidi ya kilomita 144,000 za barabara za wilaya nchini. Barabara kuu na za mikoa ziko chini ya TANROADS. Kuanzia mwaka wa fedha 2021/22 shilingi 100 ziliongezwa katika tozo ya kila lita ya petroli na dizeli kwa ajili ya barabara za vijijini na mijini, lakini urefu huo hauwezi kutengenezwa wote kwa mwaka mmoja. Kata inayoomba “barabara yetu itengenezwe” humwachia mhandisi kazi ya kubahatisha. Inayotaja korongo, siku ambazo magari hayakuvuka masika yaliyopita, na shule au zahanati iliyo ng'ambo, humpa jambo la kupimia gharama.

Taarifa hizo hukusanywa vizuri zaidi wakati wa mvua, kwa kutembea barabarani na kuandika kila mahali maji yanapokatiza. Huwasilishwa katika mkutano mkuu wa kijiji, unaopaswa kufanyika kila baada ya miezi mitatu, kisha katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, miezi kadhaa kabla ya mwaka wa fedha kuanza Julai. Katika matembezi hayo hayo yafaa kuandikwa pia mitaro iliyolimwa au kufukiwa na wenye mashamba, na mahali panapochotwa mchanga karibu na nguzo za madaraja. Hayo mawili hayangoji bajeti. Serikali ya kijiji yaweza kuyakomesha wiki hiyo hiyo.