Chupa, Kopo au Plastiki? Jinsi ya Kupima Chombo cha Chakula

Kwa karne nyingi mtungi na kibuyu vilitosha kuhifadhi maji na maziwa. Siku hizi vyakula na vinywaji huuzwa katika kioo, bati, plastiki na karatasi. Watu huuliza: chombo kipi ni bora? Swali hilo halijibiki mpaka tujibu kwanza maswali mengine matatu: chombo kitatiwa nini, kitatumika mara ngapi, na kikiisha kutumika kitakwenda wapi?

1. Kitatiwa nini?

Kioo hutengenezwa kwa mchanga, magadi na chokaa, vikayeyushwa pamoja katika joto la nyuzi 1,500 hivi za Sentigredi. Hakipitishi hewa, wala hakiathiriwi na vyakula vya kawaida. Kwa upande wa afya, kioo ni chombo salama sana.

Metali ni tofauti. Mwanafunzi aliyetumbukiza zinki katika asidi ameona mapovu ya haidrojeni. Mmenyuko wa namna hiyo, ingawa wa polepole, hutokea pia maji ya ndimu au togwa vikiwekwa katika ndoo ya bati iliyopakwa zinki. Zinki huyeyuka na kuingia katika kinywaji, na mnywaji huweza kutapika. Ndiyo maana makopo mengi ya chakula hupakwa utando kwa ndani. Lakini tando nyingi zilitengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali iwezayo kuvuruga kazi ya homoni mwilini. Mnamo Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuipiga marufuku katika vyombo vya chakula.

Kemikali zilizomo katika plastiki huhamia chakulani upesi zaidi penye joto au mafuta. Kwa hiyo si vema kutia uji wa moto katika mfuko wa plastiki. Wala maandazi yasifungwe katika gazeti, kwa kuwa mafuta huyeyusha wino.

2. Kitatumika mara ngapi?

Kioo kina kasoro yake: ni kizito, na kukiyeyusha na kukisafirisha hula nishati nyingi. Tuchukue mfano wa hesabu tu. Tuseme kutengeneza chupa ya kioo huhitaji vipimo 20 vya nishati, na kuiosha kabla ya kila mjazo vipimo 2. Chupa ya plastiki ya kutupwa huhitaji vipimo 8. Chupa ya kioo ikijazwa mara moja hugharimu vipimo 22. Ikirudishwa dukani na kujazwa mara 20, kila mjazo hugharimu vipimo 3 tu. Basi ubora wa kioo hutegemea pia mkono unaoirudisha chupa.

3. Kitakwenda wapi?

Kuyeyusha alumini iliyokwisha kutumika huhitaji kiasi cha asilimia 5 tu ya nishati ya kuipata kutoka katika mawe yake. Plastiki iliyotupwa huziba mitaro na kuua mifugo. Ikichomwa ovyo hutoa moshi wenye sumu. Kwa sababu ya madhara ya taka hizo Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa mwaka 2017, na Tanzania Bara mwaka 2019.

Hata hivyo, tusisahau kazi ya chombo. Pakiti ya maziwa yenye matabaka ya karatasi, plastiki na alumini ni vigumu kuitenganisha, lakini huweza kuhifadhi maziwa yaliyochemshwa kiwandani kwa miezi bila jokofu. Maziwa yakiharibika, malisho, maji na jasho la mfugaji vyote vimepotea.

Hakuna, basi, chombo kisicho na gharama. Mwenye busara hupima gharama hizo kabla ya kununua.

Zoezi

(a) Katika mfano wetu, ni kuanzia mjazo wa ngapi chupa ya kioo huishinda ya plastiki?
(b) Chunguzeni taka za shule yenu kwa juma moja. Ni vyombo vipi vingeweza kutumika tena, na ni nini kinachozuia?