Fleti iko Kilimani, pesa ziko Manga: soma hii kabla ya kuweka PIN

Mwezi uliopita tulikuwa na kliniki ya wateja pale soko la Manga. Hema moja, viti vya plastiki, na maswali yale ya kila siku: laini imefungwa, PIN imesahaulika, pesa zimeenda kwa namba isiyo yake. Karibu saa saba mchana akafika mwalimu mstaafu. Alikaa pembeni akangoja watu wapungue, kisha akatusogezea simu.

"Wanangu, hebu niangalieni hapa. Nataka kutuma laki mbili, lakini jina linalotokea silijui."

Kwenye WhatsApp kulikuwa na video ya fleti ya vyumba vitatu, ghorofa ya 11, Kilimani, Nairobi. Imekarabatiwa upya: jiko la marumaru, sakafu inang'aa, baraza la kutazama mji, lifti mbili, bwawa la kuogelea juu ya paa. Bei Ksh 14,000,000. Chini yake ujumbe: kuna wanunuzi wengine wawili, tuma 200,000 ya kushikilia kabla ya saa kumi leo.

Pesa hazikuwa zake peke yake. Ana watoto watatu, na mmoja yuko Minnesota, ambako Wakisii ni wengi kiasi kwamba mtu anaweza kula matoke kila Jumapili akitaka. Wamekuwa wakichanga kwa miaka, na baba ndiye mweka hazina. Akikosea yeye, ni jasho la watoto wote limepotea.

Tulimwomba aweke simu mezani kwanza. Hayo tuliyozungumza naye hadi hema likafungwa ndiyo tunayoandika hapa, maana tunajua wapo wengi kama yeye, Manga, Keroka, Nyamira na kwingineko, wanaonunua nyumba za Nairobi wakiwa karibu kilomita 300 mbali nazo.

Kurudisha muamala hakumaanishi unavyodhani

Tuanze na letu sisi, watu wa malipo ya simu. Wateja wengi hutuma pesa wakiwa na imani kwamba mambo yakiharibika "nitareverse tu". Ukweli ni huu: ombi la kurudisha muamala ni la mtu aliyekosea namba. Uliandika 7 badala ya 1, pesa zikaenda kwa mgeni, ukaripoti haraka kabla hajazitoa. Lakini ukituma kwa namba uliyokusudia, kwa mtu uliyekuwa ukizungumza naye, halafu akakuzima, hilo si kosa la namba. Hiyo ni kesi ya polisi au mahakama, na sisi tunachoweza kukupa ni rekodi ya muamala tu. Hatupendi kuwaambia wateja hivyo, lakini ni afadhali uyasikie kabla.

Ndiyo maana jina linalotokea kabla ya kuthibitisha lina uzito. Mwalimu alikuwa akiambiwa muuzaji ni fulani, tangazo lina jina la ofisi nyingine, na simu inaleta jina la mtu wa tatu. Majina matatu kwa nyumba moja. Hapo huhitaji kuwa mpelelezi.

Hewani unamiliki nini hasa?

Hapa ndipo tulipokaa sana, kwa sababu mwalimu aliuliza swali zuri. Kwao Manga, ukinunua shamba unaukanyaga mpaka, majirani wapo, wazee wanashuhudia, na kwa kuwa ni ardhi ya kilimo mnaenda bodi ya ardhi kupata idhini. "Sasa hii ya ghorofa ya 11," akauliza, "mpaka wake uko wapi?"

Mpaka ni kuta, sakafu na dari. Ndani ya hapo ni kwako. Lifti, ngazi, paa, lango, tangi la maji na lile bwawa la kwenye video ni mali ya wenye fleti wote kwa pamoja. Kinachosimamia mambo haya Kenya ni Sheria ya Mali za Sehemu ya 2020, iliyoanza kutumika Desemba 2020 na kuchukua nafasi ya ile ya 1987. Kabla ya hapo, wanunuzi wengi wa fleti walipewa mkataba wa kukodi wa muda mrefu pamoja na hisa katika kampuni ya usimamizi, huku hati ya kiwanja chenyewe, hati mama, ikibaki upande wa mjenzi au kampuni hiyo. Kwa sheria mpya, mpimaji anachora ramani ya sehemu, msajili anaifunga hati mama, na kila fleti inafunguliwa rejista na hati yake. Wenye fleti wote wanakuwa wanachama wa shirika linaloendesha jengo.

Majengo yaliyouzwa kwa mtindo wa zamani yalipewa miaka miwili kubadilisha. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe "bei ya mwisho ngapi?" Liwe: hati ya sehemu ya fleti hii ipo, au bado mko na hati mama? Jibu likiwa la pili si lazima ukimbie. Ila ujue unanunua kitu ambacho karatasi zake hazijakamilika, na wakili wako aandike kwenye mkataba nani atalipia mabadiliko hayo na lini.

Namba ya hati ukishapewa, fanya upekuzi rasmi kabla ya kitu kingine chochote. Nairobi inapitia Ardhisasa, mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, na ada za serikali zinalipwa kwa Paybill 222222. Hayo ndiyo malipo ya kwanza ambayo tungependa simu yako ifanye. Upekuzi utakuonyesha mmiliki ni nani na kama kuna benki inayoishikilia hati au zuio la mahakama. Muuzaji kama ana mume au mke, ridhaa ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Rangi mpya

Ukarabati ni jambo zuri, na nyumba za zamani za Kilimani mara nyingi vyumba vyake ni vikubwa kuliko za sasa. Lakini dari mpya ya jasi inaweza kuwa imefunika bomba linalovuja, na video yenye muziki haijawahi kukausha ukuta.

Mtume mtu aende. Mwalimu ana mpwa anayefanya kazi Nairobi, tukamwambia amtume mara mbili, mchana na tena saa mbili usiku. Afungue mifereji yote kwa pamoja aone maji yanapanda vipi hadi ghorofa ya 11. Apige hodi kwa jirani wa chini, huyo ndiye anayejua kama bafu la juu linavuja. Aulize stima ikipotea jenereta inabeba lifti au taa za ngazi tu, maana kupanda ghorofa kumi na mbeleko mgongoni si mchezo. Na kama sebule imepanuliwa kwa kubomoa ukuta, aulize nani aliidhinisha. Ukuta unaoshikilia jengo si wa mwenye fleti kuucheza.

Halafu kuna ada ya huduma ya kila mwezi. Lifti mbili, bwawa, walinzi na bustani havijilipii. Taka barua kutoka kwa shirika la wamiliki inayosema ada ni ngapi na kama fleti hiyo ina deni. Tumeona wateja wakifurahia bei iliyoshushwa kidogo, kumbe kuna malimbikizo ya miaka yanayowangoja mlangoni. Barua hiyo ni ya bure au karibu na bure. Kuikosa ndiko ghali.

Hesabu ya pesa, na njia ya kila shilingi

Mkataba wa kuuza nyumba au ardhi Kenya ni lazima uwe wa maandishi, umetiwa sahihi na pande zote na kushuhudiwa. Makubaliano ya WhatsApp hayakufikishi popote. Kwa kawaida mnunuzi hulipa asilimia 10 wakati wa kutia sahihi, na salio ndani ya siku 90 hivi. Kwa fleti ya Ksh 14,000,000, malipo ya awali ni Ksh 1,400,000, na yanaenda kwenye akaunti ya wakili wa muuzaji ambaye mkataba unamtaka azishike hadi mauzo yakamilike. Haziendi kwa ajenti wala kwa simu ya muuzaji.

Unaweza kuzilipa kwa simu? Kikomo cha muamala mmoja ni Ksh 250,000 na cha siku ni Ksh 500,000. Kwa hiyo ungehitaji miamala sita kwa siku tatu. Inawezekana, lakini hatukushauri, ingawa ada zingekuwa zetu. Nenda benki ufanye uhamisho mmoja. Kwa salio huna hata cha kuchagua: hundi Kenya hazizidi milioni moja, hivyo fedha hizo hupita kwa RTGS, benki kwa benki.

Ongeza ushuru wa stempu. Mjini ni asilimia 4 ya thamani itakayokubaliwa na mthamini wa serikali. Ikikubaliwa kuwa milioni 14, ni Ksh 560,000, na unalipa wewe mnunuzi. Mwalimu hakuwa ameiweka kwenye hesabu, na alinyamaza kidogo tulipoitaja. Kuna na ada ya wakili wako, tunasisitiza wako, si kugawana mmoja na muuzaji. Jina lake litafute kwenye orodha ya Chama cha Mawakili Kenya uone kama leseni yake iko hai mwaka huu.

Simu inafaa kwa malipo madogo ya njiani: upekuzi, mthamini, nauli ya mpwa, fomu. Kila unapolipa kwa Paybill andika namba ya fleti sehemu ya akaunti, na usifute ujumbe wa uthibitisho. Kila mwezi omba taarifa ya akaunti uihifadhi. Kwa familia inayochanga hili lina faida nyingine. Ndugu wakinunua pamoja huandikwa kwa mafungu, kila mmoja na hisa yake kwenye hati. Aliyetuma nusu kutoka Minnesota na aliyetuma robo kutoka Nakuru wasije wakagombana baada ya miaka kumi, baba hayupo wa kukumbuka nani alileta nini.

Mwalimu alifanyaje

Pale pale mezani alimwandikia yule ajenti: nipe namba ya hati na jina la wakili wa muuzaji, nitalipa kwa akaunti ya wakili. Saa kumi ikapita. Saa kumi na moja ajenti akajibu kwamba fleti imechukuliwa. Wiki iliyofuata tangazo lilikuwa bado lipo, video ile ile, muziki ule ule.

Mpwa alienda hata hivyo. Fleti ipo kweli, na mwenye nyumba alimpata kupitia kwa msimamizi wa jengo. Alisema hajawahi kumwagiza mtu yeyote achukue pesa za kushikilia. Jengo bado liko na hati mama, na shirika la wamiliki linangoja ramani ya sehemu isajiliwe. Wakili wa familia amesema wasitie sahihi hadi hapo. Zile laki mbili ziko kwenye akaunti ya akiba, pungufu kidogo kwa ada ya upekuzi na nauli ya mpwa, na mwalimu ametuma risiti zote mbili kwenye kundi la WhatsApp la familia.