Somo: Salio la Mwanzo Katika Maji



Katika ukaguzi wa vitabu hakuna jambo linalomkwamisha mkaguzi kama leja isiyo na salio la mwanzo. Ghala ni tupu, upungufu waonekana kwa macho, lakini hakuna awezaye kusema kilichopotea ni kiasi gani, wala kilianza kupotea lini. Ziwa Viktoria nalo lingalikuwa hivyo, kama si kazi ya watafiti wachache waliowahi kufungua daftari.

Mwaka 1977 wanabiolojia wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, walianza kuchunguza furu katika Ghuba ya Mwanza. Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha: kukokota nyavu mahali pale pale mara kwa mara, kutenga aina, kupima, kupasua matumbo ili kuona kilicholiwa, na kuandika. Katika vituo vyao walipata aina zaidi ya 123. Baadhi walikula tope, baadhi wadudu, na baadhi walivunja konokono kwa meno ya kooni.

Sangara alikuwa amepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, lakini katika ghuba hiyo alikuwa bado haba. Katikati ya miaka ya 1980 akafurika. Baada ya 1986 aina zipatazo 80 za furu hazikuonekana tena katika nyavu za watafiti. Mmoja wao, Frans Witte, alipata shahada ya udaktari kwa kazi hiyo mwaka 1987. Sisemi kwamba sangara ni hasara tupu. Amejenga nyumba nyingi Mwanza. Wavuvi nao walijua kwamba furu wamekwisha. Ila ni daftari lililoonyesha ni aina zipi, zilikula nini, na ni zipi zilizoanza kurudi katika miaka ya 1990.

Sasa tuje Kimali, ambako wanachama wameniuliza kama yafaa kutia samaki katika lambo. Kabla ya kutia hata sato mmoja, simikeni kigingi chenye alama na mwandike kina cha maji kila juma hadi mwisho wa kiangazi. Lambo linalokauka mwezi Oktoba halifugi samaki. Andikeni pia samaki waliomo tayari, na konokono. Wako konokono wa kichocho wanaojificha katika tope kavu na kuamka mvua inyeshapo, kwa hiyo lambo lililokauka si lambo lililosafishwa. Sato huzaana upesi. Wakisongamana hudumaa, ndiyo maana wafugaji huchanganya kambare wale vifaranga. Mbegu ipatikane kwa ushauri wa Afisa Uvuvi, na mtu yeyote asimwage humo samaki aliowaokota mtoni.

Daftari hilo likae ofisini pamoja na vitabu vingine vya chama. Akija mwanafunzi wa chuo kikuu kuchunguza maji yenu, mwonyesheni, kisha Katibu amwombe kwa maandishi nakala ya matokeo, na aitie katika jalada la lambo.