Mafunzo Niliyopata Juu ya Jani la Chai

Nafundisha baiolojia Mogogosiek, na nikitoka shuleni naingia kwenye chai ya nyumbani. Haya nimeyapata katikati ya kazi hizo mbili.

1. Jani linalong'aa ni mahali pa njaa.
Asubuhi chipukizi limenawiri, lina umande, ungedhani kila kijidudu kitanenepa hapo. Wapi! Uso wake umepakwa nta. Sukari huvuja kidogo, hapa na pale tu, na amino asidi ni adimu zaidi. Chai ina theanini nyingi, amino asidi inayoundwa mizizini ikapanda hadi kwenye majani mawili na chipukizi tunayochuma, lakini imefungiwa ndani ya seli. Bakteria wa juu hawaifikii.

2. Anayejitegemea ndiye anayebaki.
Wanafunzi wangu hukandamiza jani bichi juu ya agari yenye supu ya nyama. Siku kadhaa baadaye umbo la jani limejichora kwa vidoa: vyeupe, vya manjano, na vya waridi vinavyochelewa. (Hao wa waridi ndio niwapendao, wengi wao hula methanoli inayotoka kwenye stomata, vile vitundu vya jani.) Kisha tunatumia agari yenye sukari na chumvi za madini tu. Humo humea wale wanaojiundia amino asidi zao wenyewe.

Jaribio letu ni dogo. Kubwa lilichapishwa mwaka 2019 na Tyler Helmann, Adam Deutschbauer na Steven Lindow wa California. Walivuruga jeni za Pseudomonas syringae, bakteria anayeshambulia mimea, jeni moja kwa kila mmoja, kila mabadiliko yakiwa na alama yake kwenye DNA, wakawachanganya maelfu na kuwaweka kwenye majani ya maharagwe. Alama zilipohesabiwa, walioshindwa zaidi walikuwa waliopoteza jeni za kuunda amino asidi, na wale wasioweza kuunda sukari ndefu zenye kunata, kama alginati. Jeni za ile sindano ya kuingiza protini katika seli za mmea, silaha ambayo vitabu havichoki kuisifu, zilihitajika hasa ndani ya jani. Tangu niyasome hayo, somo la bakteria huyu naanza na chakula, silaha zinangoja.

3. Jani likikauka, habari haijaisha.
Pseudomonas syringae huyo huyo ana protini inayogandisha maji kwenye nyuzi chache tu chini ya sifuri, wakati tone safi la wingu linaweza kubaki maji hadi karibu nyuzi 38 chini ya sifuri. Hilo linatuhusu wakulima wa chai, kwa sababu mawe huanza kwa maji kuganda winguni, na Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa sana na mvua ya mawe duniani. Mwaka 1982 Russell Schnell na Suan Tan-Schnell waliandika kwamba majani makavu yaliyooza chini ya michai ya Kenya yana chembe za kugandisha maji, na wachumaji wakipita huenda wakazirusha hewani.

Nilipomsimulia jirani, aliweka kikapu chini.
"Mwalimu, kwa hiyo sisi wachumaji ndio tunaoleta mawe?"
"Hapana, mama. Wingu linaletwa na upepo wa Ziwa Victoria ukipanda milima hii. Vumbi la majani, kama lina mkono, linasaidia tu kugandisha."
"Basi waambie kiwandani," akasema, "wasije wakatukata bonasi."