Antena ya kitanzi chini ya mabati

*Msomaji wa Boito, Kaunti ya Bomet, anauliza kwa nini kitanzi alichokiunda kwa bomba la shaba kinanasa kelele tupu chumbani.*

Kitanzi chenye mzingo wa mita 3 kinaifaa bendi ya megahezi 14, ila mwitikio wake ni mwembamba mno, hivyo kapasita, yaani kifaa cha kuhifadhi chaji kinachokioanisha kitanzi na masafa, hugeuzwa polepole mpaka mvumo upande ghafla. Kwa kuwa paa la mabati hukinga mawimbi, kitanzi kisogezwe dirishani na kuzungushwa hadi kelele ya chaja zilizo chumbani ififie. Wakati wa kurusha mawimbi, hata kwa wati 10, volti za kapasita zaweza kupita 1,000, kwa hiyo isiguswe. Ikitoa cheche, fundi aitwe. Kurusha kwahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Kusikiliza ndiko kuanze.