Mwaka wa Divai: Mvua, Sukari na Bei ya Chupa

Mikese, mashariki ya mji wa Morogoro, iko kando ya Reli ya Kati na barabara kuu iunganishayo Dodoma na Dar es Salaam. Divai nyingi ya Dodoma iendayo pwani hupita hapo. Mwanafunzi wa Mikese akiambiwa kwamba chupa mbili za divai nyekundu ya Bordeaux, Ufaransa, zilizotoka katika shamba moja na kupishana umri kwa mwaka mmoja tu, zaweza kupishana bei mara kadhaa, atauliza kwa haki: je, huu ni ujanja wa wafanyabiashara, au ni jambo la kisayansi? Yote mawili yamo, na kazi ya mnunuzi mwenye fedha chache ni kuyatenganisha.

Tuanze na kemia. Hamira hula sukari ya zabibu na kutoa alkoholi pamoja na kaboni dayoksaidi:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Kwa hesabu, gramu 180 za sukari hutoa gramu 92 za alkoholi. Katika utendaji hupatikana pungufu kidogo, kwa kuwa hamira hutumia sehemu ya sukari kwa kukua kwake. Watengenezaji hukadiria kwamba gramu 17 za sukari katika lita moja ya maji ya zabibu huleta asilimia 1 ya alkoholi. Maji yenye gramu 204 kwa lita yatatoa basi divai ya asilimia 12. Zabibu inapoiva, sukari huongezeka, asidi hupungua, na tanini ya maganda, ile iukazayo ulimi kama chai kavu, hulainika. Mambo hayo matatu hayaendi kwa mwendo mmoja. Mwaka bora ni ule ambao yote hufikia kiwango kizuri kwa wakati mmoja.

Bordeaux iko kwenye nyuzi 45 hivi kaskazini mwa Ikweta, karibu na Bahari ya Atlantiki. Mzabibu hulala wakati wa baridi, huchipua penye majira ya kuchipua, huchanua mwezi wa Juni, na huvunwa Septemba hadi Oktoba. Mvua ya siku za mavuno huvimbisha zabibu kwa maji na kuleta ukungu. Baridi kali ya Februari 1956 iliua mizabibu mingi kabisa. Mwaka 1961 mavuno yalikuwa machache, lakini joto na ukame wa mwisho wa kiangazi vilikoleza zabibu zilizobaki. Mwaka 1982 ulileta mavuno mengi na mazuri pamoja, jambo lisilotokea mara kwa mara.

Mchumi wa Chuo Kikuu cha Princeton, Orley Ashenfelter, alilinganisha hali ya hewa ya miaka 1952 hadi 1980 na bei za divai hizo katika minada ya London. Alitumia vipimo vinne tu: mvua ya majira ya baridi, wastani wa joto la majira ya kukua, mvua ya Agosti na Septemba, na umri wa divai. Hivyo vilitosha kueleza zaidi ya asilimia 80 ya tofauti za bei kati ya mwaka na mwaka. Nyuzi 1 ya Sentigredi ya ziada ilikwenda pamoja na bei iliyopanda kwa zaidi ya asilimia 80. Milimita 100 za mvua ya ziada karibu na mavuno ziliishusha kwa kama theluthi moja. Waonjaji mashuhuri hawakufurahi, na si ajabu. Aliona pia kwamba divai changa za miaka mibaya huuzwa ghali kupita thamani yake, kisha bei hushuka polepole. Kipimo cha mvua kilijua kabla ya soko.

Hapo ndipo penye faida ya mnunuzi. Mashamba makubwa ya Bordeaux yalipangwa madaraja mwaka 1855, kwa kufuata bei zake, na orodha hiyo haijabadilika sana tangu hapo. Jina hulipiwa kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Lakini jua la mwaka bora huwaka pia juu ya mashamba madogo ya Fronsac, Bourg na Castillon, ambayo hayamo katika orodha. Mwaka wa kawaida zabibu zao huenda zisiive sawasawa; mwaka bora huiva, na bei hubaki ya chini. Isipokuwa divai hizo nyingi hazifai kuwekwa miaka 20, na katika joto la Mikese huharibika mapema zaidi.

Dodoma mambo ni mengine. Mzabibu wa huko haulazwi na baridi; mkulima huupogoa, nao huanza upya, hata kupatikana mavuno mawili kwa mwaka, moja wakati wa mvua na jingine wakati wa kiangazi. Mwaka ulioandikwa kwenye chupa hausemi mengi, bila kujua ni mavuno yapi. Darasa lenye hidromita laweza kupima maji ya zabibu za misimu yote miwili: yenye gramu 200 hivi za sukari kwa lita huwa na uzito linganifu kati ya 1.08 na 1.09.